Mkwaju kwenye chombo kifupi: bonsai ya mpangaji

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni dawa gani niliyoupa mti hata ukadumaa. Hakuna dawa. Wala hakuna mbegu maalumu ya bonsai, yaani mti unaolelewa ubaki mdogo kwenye chombo, ingawa mitandaoni wapo wanaoziuza kwa pakiti zenye picha ya msonobari wa Kijapani. Mbegu ya mkwaju unayoitema baada ya kumung'unya ukwaju ndiyo hiyo hiyo. Ukiiachia uwanja itakupa mti wa kufunika nyumba. Ukiisimamia kwa mkasi na chombo kifupi itakupa mti wa kimo cha chupa ya chai, wenye gome lililochanika na majani yanayojikunja jioni na kufunguka asubuhi, sawa na mikwaju ya barabarani.

Mimi ni fundi umeme, nimepanga Ngamiani, Tanga. Naanza na hilo la kupanga kwa sababu ndilo lililonitia kwenye kazi hii. Mpangaji hapandi mti. Uwanja ni wa mwenye nyumba, na siku ya kuhama mti haung'oki. Bonsai inahama nawe.

Asili yake ni China. Karibu na Xi'an kuna kaburi la mwanamfalme Zhanghuai, la mwaka 706, na ukutani wamechorwa watumishi, mmoja amebeba chombo chenye vijiwe na mimea midogo. Wajapani waliuchukua ufundi huo kutoka huko, na mchoro wao mrefu wa kukunja wa mwaka 1309 tayari una miti midogo kwenye vyombo. Wachina hadi leo hupenda mandhari nzima: mawe, maji, hata kijumba au kijitu cha udongo chini ya mti. Wajapani walipunguza na kupunguza mpaka ukabaki mti mmoja na udongo wake. Kwa macho niko upande wa Wajapani. Kwa mkasi niko upande wa Wachina, na sababu utaiona mbele.

Tokyo ilipopigwa na tetemeko la mwaka 1923, baadhi ya wakuzaji wa bonsai waliihama wakaenda Omiya, kaskazini mwa jiji, ambako kulikuwa na nafasi na maji safi. Mwaka 1925 wakaanzisha kijiji chao. Masharti ya kuhamia hapo yananifurahisha: uwe na bonsai zisizopungua 10, bustani yako iwe wazi kwa wageni, uzio uwe wa mimea, na usijenge ghorofa, maana ghorofa lingemtia jirani kivulini. Mwenye nyumba wangu angefukuzwa siku ya kwanza. Bustani za Omiya zipo hadi leo, na tangu 2010 kuna makumbusho ya bonsai pale pale.

Ila ukitaka kujua kwa nini watu wazima wanahangaika na kimti cha chomboni, sikiliza habari ya msonobari wa familia ya Yamaki wa Hiroshima. Ulianza kulelewa chomboni mwaka 1625. Tarehe 6 Agosti 1945 bomu la atomiki lilipoangushwa, mti ulikuwa kwenye bustani ya familia, takriban kilomita 3 kutoka lilipolipukia, nyuma ya ukuta. Ukapona, na wenyewe wakapona. Mwaka 1976 Masaru Yamaki aliutoa, ukawa miongoni mwa bonsai 53 ambazo Japani iliizawadia Marekani, ukapelekwa Washington. Hakusema lolote kuhusu bomu. Wenyeji wake walikuja kuijua habari hiyo mwaka 2001, wajukuu zake walipokwenda kuutazama mti wa babu yao. Mti uko hai, na bado kuna mtu anaumwagilia kila siku.

Sasa kazi. Kwanza, achana na msonobari wa Kijapani. Miti hiyo inahitaji baridi ya kweli ili ipumzike, na joto letu la pwani halina mapumziko. Walio Lushoto na milima ya Usambara wana mwangati wao, wajaribu huo. Sisi wa chini tuna mkwaju, mvinje, bogenvilia, na jamii nzima ya mikuyu, pamoja na ile fikasi ya majani madogo inayouzwa kwenye vitalu vya kando ya barabara. Anza na fikasi kama hujawahi kulea mti. Inasamehe. Kata kipande cha unene wa kidole gumba, acha utomvu mweupe ukauke, kichomeke kwenye mchanga mnene wa mto, weka kivulini na usiache mchanga ukauke.

Tanga tuna neema nyingine. Kwenye nyufa za majumba ya zamani ya mjini huota mikuyu iliyopandwa na ndege. Inakaa humo miaka bila udongo wa maana, inapindapinda, mizizi inashika jiwe. Huo ni mti ulioanza kazi kabla yako. Muombe mwenye jengo. Atakushukuru, kwa sababu mizizi hiyo inampasulia ukuta. Lakini msituni na kwenye mikoko usiingie na jembe.

Mimi mti wangu wa moyoni ni mkwaju. Loweka mbegu usiku mmoja kwenye maji ya vuguvugu baada ya kuikwangua kidogo upande mmoja kwa msasa, kisha ipande. Ikishaota, usiihamishie kwenye chombo kifupi. Hapa ndipo wengi wanapokwama: wanachukua mche mwembamba, wanautia kwenye chombo cha kupendeza, kisha wanangoja shina linenepe. Halitanenepa. Shina hunenepa kwa majani mengi yaliyoachwa yakue bila kuguswa na mizizi iliyo na nafasi. Mwenye shamba auweke ardhini. Mpangaji achukue ndoo ya lita 20, atoboe matundu chini, apande humo, aache mti urefuke hadi kupita kichwa chake. Watu watakuuliza bonsai iko wapi. Waambie inakuja.

Shina likifika unene unaoupenda, ambao kwa ndoo ni kazi ya miaka na si miezi, likate fupi. Ndiyo, mti mrefu kuliko wewe unaukata ubaki kisiki cha shubiri moja au chini yake. Fanya hivyo mwanzoni mwa masika, mti ukiwa na nguvu. Kisiki kitatoa machipukizi. Chagua moja liwe shina jipya, liache likimbie mpaka linenepe, nalo ulikate fupi. Kisha tena. Kila kipande kinakuwa chembamba kuliko cha chini yake na kinageuka upande kidogo, na jicho linadanganyika kuwa linaona mti mkubwa kwa mbali. Hii ndiyo njia ya Wachina wa kusini, wa Guangdong, wanaoiita Lingnan: kuza, kata, kuza, kata. Kwa hewa yetu hakuna njia bora, kwa sababu huku mti haulali miezi mitano ukisubiri theluji iyeyuke.

Waya pia una nafasi yake, na hapa fundi umeme ana bahati. Vipande vya shaba vinavyobaki kwenye kazi navihifadhi: waya wa milimita za mraba 1.5 wa taa kwa vijitawi, wa 2.5 wa soketi kwa matawi ya unene wa penseli, na nikikutana na tawi gumu nazungusha nyaya mbili sambamba. Chagua waya wa uzi mmoja, si ule wa nyuzi nyingi. Menya plastiki kwa kisu, usiichome. Moshi wake ni sumu na majirani hawajakukosea kitu. Kisha weka shaba tupu juu ya makaa mpaka iwe nyekundu kidogo, itoe ipoe. Itakuwa laini kabisa, nayo kadiri unavyoikunja ndivyo inavyokuwa ngumu, kwa hiyo ikishakaa kwenye tawi inalishika. Zungusha kwa mshazari, usibane, anzia shinani uelekee ncha, halafu ndipo ulikunje tawi. Joto la huku linanenepesha matawi upesi, na waya unaweza kuanza kung'ata gome baada ya wiki chache tu, hasa kwenye fikasi. Uangalie kila wiki. Siku ya kuutoa, ukate kipande kwa kipande kwa plaizi. Ukiuzungusha kinyume utavunja tawi ulilolihangaikia.

Udongo ndio roho ya kazi yote. Chombo kifupi hakitoi maji vizuri kama kirefu, kwa hiyo udongo wa bustani ukiutia humo unageuka tope na mizizi inaoza. Wajapani wana akadama, udongo wa chengachenga unaochimbwa kwenye ardhi ya volkano. Sisi tuna matofali ya kuchoma. Okota yaliyovunjika kwenye ujenzi, yaponde, yachekeche. Chukua chenga zilizo kati ya punje ya mchele na punje ya mahindi, vumbi limwage kabisa, maana vumbi ndilo linaloziba. Changanya vipimo viwili vya tofali, kimoja cha mchanga mnene wa mto, na kimoja cha mboji iliyooza na kuchekechwa. Chenga za mkaa kidogo hazidhuru. Mchanga wa baharini usiuguse. Chumvi yake itaua mti.

Chombo nimewahi kumpa mfinyanzi anichomee, na nimewahi kutumia bakuli pana la plastiki lililotobolewa. Mti haujali, macho ndiyo yanayojali. Kina kikaribiane na unene wa shina, urefu wa chombo uwe kama theluthi mbili za kimo cha mti. Funika matundu kwa wavu, na upitishe waya humo wa kuufunga mti usitikisike, kwa sababu mti unaoyumba na upepo unakata vijizizi vyake vipya.

Kuhamishia chomboni fanya mvua za masika zinapoanza, au vuli. Kipupwe acha, mti unakuwa mzito kuamka. Chambua udongo kwa kijiti, kata mzizi mkuu unaoshuka chini, bakisha ile inayotandaa pembeni. Kwa mti wenye afya unaweza kutoa theluthi ya mizizi. Na majani nayo yapunguze, maana mizizi ni waya wa kuingizia na majani ndiyo mzigo: ukipunguza waya ukaacha mzigo ule ule, kitu kitaungua. Weka kivulini wiki mbili tatu, na mbolea usitie mpaka uone machipukizi. Baadaye kazi hii huirudia kila baada ya miaka miwili au mitatu, mizizi ikishajaa.

Kupogoa kwa kawaida ni rahisi. Chipukizi la fikasi likifika majani sita au manane, likate libaki na mawili. Mkwaju hivyo hivyo, ila jani lake ni lile zima lenye vijani vingi. Jicho la mwisho unalobakisha, yaani kile kichipukizi kwenye kwapa la jani, lielekee upande unaotaka tawi liende.

Kumwagilia hakuna ratiba. Ingiza kidole. Juu pakianza kukauka, mwaga maji mpaka yatoke chini, subiri kidogo, mwaga tena. Wakati wa kaskazi, jua la Januari likiwaka, asubuhi na jioni ni lazima. Kisima chako kikiwa na chumvi, kinga maji ya mvua. Mbolea yangu ni samadi ya mbuzi iliyolowekwa kwenye ndoo na kuzimuliwa mpaka iwe rangi ya chai ya rangi, kila baada ya wiki mbili mti ukiwa unakua. Wadudu weupe kama pamba wakitokea kwenye makwapa ya majani, wafute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni.

Na uache nje. Kila anayeniambia bonsai yake ilikufa, nikimuuliza ilikuwa wapi, jibu ni juu ya meza ya televisheni. Hilo si pambo la sebuleni. Ni mkwaju, unataka jua la mkwaju. Mgeni akija uingize ndani jioni moja, watu wausifu, kisha urudishe.

Nyumba yangu ya sasa haina uwanja, ina paa la zege na kibaraza. Panatosha. Siku ya kuhama, mwagilia jana yake na si asubuhi ya safari, ili chombo kisiwe kizito na udongo usimwagike. Pitisha kamba juu ya udongo uifunge kwenye chombo. Ukikodi kirikuu, miti ipakiwe mwisho, sakafuni, nyuma ya kabati, mbali na upepo. Majani ya fikasi yafunike kwa khanga iliyoloa. Ukifika, ipe kivuli siku kadhaa kabla ya kuirudisha juani. Fikasi inaweza kuangusha majani kwa kununa tu. Usiipandikize upya wala kuimiminia maji kwa wasiwasi, yatarudi. Na mwambie dereva mapema kuwa hivyo vyombo havikaliwi.