Ukirudi Pemba baada ya miaka mingi

Nyie mliohama Pemba zamani na sasa mnataka kurudi kuwaona wenzenu: ukishuka bandarini Mkoani, anza na kutoa mkono wa pole. Uliza nani katangulia mbele ya haki wakati wewe hupo, upite nyumba hizo kwanza, hata kama msiba wenyewe una miaka. Watu huliweka moyoni jambo hili kuliko zawadi.

Kumtafuta rafiki, taja jina la utani. La cheti cha shule pengine hata jirani yake halijui. Ukikaa barazani baada ya sala ya alasiri, utapata mtoto wa kukupeleka mpaka mlangoni.

Msimu wa karafuu ndio mtamu zaidi, ingawa mchana humpati mtu, wako mikarafuuni. Nenda usiku, kaa mkekani uchambue nao, karafuu huku, makonyo (vile vikonyo vyake) kule. Mikono ikiwa na kazi, midomo hufunguka. Utasikia hata nani alioa nani.

Zawadi? Sukari, na kanga kwa mama wa rafiki yako. Ila halua usibebe kama unaenda Wete, wenyewe ndio hao.