Somo: Jinsi ya Kutazama Filamu za Nyota Waliozeeka wa Hollywood ya Zamani

Somo hili linahusu filamu za kusisimua za kisaikolojia ambazo mhusika wake mkuu ni mwigizaji wa kike aliyewahi kuwa nyota, umri umesonga, studio haimwiti tena, naye amejifungia ndani ya jumba kubwa pamoja na picha zake za ujanani. Nitatumia filamu mbili tu, kwa kuwa nyingi zilizofuata zimechota humo: Sunset Boulevard ya mwaka 1950, iliyoongozwa na Billy Wilder, na What Ever Happened to Baby Jane? ya mwaka 1962, iliyoongozwa na Robert Aldrich. Ambaye hajazitazama na hapendi kujua mwisho wake aahirishe kusoma, kwa maana nitaueleza bila kuficha.

Watazamaji wengi hudhani kwamba kinachotisha katika filamu hizi ni uso wa mwanamke aliyezeeka na akili yake iliyoyumba. Mimi ninaona kwamba kinachotisha zaidi ni watu wanaomzunguka, ambao kwa mapenzi, kwa woga au kwa masilahi yao wameamua kumficha ukweli. Hatua zifuatazo zimepangwa ili umwone kila mmoja wao.

Hatua ya kwanza: Fahamu maisha ya mwigizaji mwenyewe

Gloria Swanson, anayeigiza kama Norma Desmond, alizaliwa mwaka 1899 na alikuwa miongoni mwa nyota wakubwa kabisa wa filamu bubu katika miaka ya 1920. Filamu zenye sauti ziliposhika kasi baada ya mwaka 1927, nafasi yake ilififia. Katika filamu ya Aldrich, Bette Davis anaigiza kama Jane, na Joan Crawford kama dada yake, Blanche; Davis alijenga jina lake katika studio ya Warner Bros., na Crawford alijenga lake katika studio ya MGM. Kila mmoja alikwisha kushinda tuzo ya Oscar kabla hawajakutana katika filamu ya Aldrich. Yatie haya akilini kabla ya kuwasha filamu, kwa sababu waongozaji wote wawili walitegemea kwamba mtazamaji wa siku zile ameshawajua wanawake hawa tangu wakiwa wabichi.

Hatua ya pili: Itazame kwa makini filamu iliyomo ndani ya filamu

Katika jumba la Norma kuna jioni ambapo anamwonyesha Joe Gillis, mwandishi kijana asiye na kazi, filamu yake ya zamani. Kipande kinachoonyeshwa ni cha kweli: kimetoka katika Queen Kelly, filamu ambayo Swanson aliigiza mwishoni mwa enzi ya filamu bubu na ambayo haikukamilika kama ilivyokusudiwa. Anayeendesha projekta ni Max, mtumishi wa nyumba, anayeigizwa na Erich von Stroheim, na huyo von Stroheim ndiye aliyekuwa mwongozaji wa Queen Kelly hadi Swanson alipomwondoa kazini. Kwa hiyo, katika chumba kile chenye giza, mwanamke anautazama uso wake halisi wa ujanani, na mwanamume aliyeuongoza uso ule amesimama nyuma akiuendesha mkanda kwa mikono yake. Hata picha zilizojazana juu ya meza na kuta za jumba lile ni picha za Swanson mwenyewe. Simamisha filamu hapo, uangalie Norma anavyosimama ghafla na kuingia ndani ya mwale wa projekta, uso umekaza, moshi wa sigara ukizunguka kichwa chake.

Aldrich naye alitumia njia hiyohiyo. Blanche, anayeigizwa na Crawford, anajitazama kwenye televisheni katika vipande vya Sadie McKee ya mwaka 1934, huku filamu mbili za Davis za mwaka 1933 zikitumika mapema kuonyesha jinsi wakubwa wa studio walivyomdharau Jane. Televisheni haikuwekwa pale kama pambo la chumba. Katika miaka ya 1950 studio zilianza kuuza akiba ya filamu zao za zamani kwa vituo vya televisheni, na nyuso zilizokwisha kusahauliwa zikarudi ghafla sebuleni mwa watu, zikiwa bado za vijana.

Hatua ya tatu: Ikague nyumba

Milango ya jumba la Norma haina vitasa vya kufungia, kwa sababu amewahi kujaribu kujiua, na kwa hiyo hakuna chumba ambacho mtu anaweza kujificha. Katika Baby Jane, Blanche yuko ghorofani kwenye kiti cha magurudumu, na simu anayoweza kuitumia iko chini. Angalia tu ngazi inavyopigwa picha, yatosha.

Hatua ya nne: Mtafute anayeulisha uongo

Hii ndiyo hatua ninayowaomba muipe muda mrefu kuliko zote.

Anza na Max. Norma hupokea barua nyingi za mashabiki, naye huziona kuwa ushahidi kwamba dunia bado inamngoja. Lakini barua hizo huandikwa na Max. Baadaye tunajua kwamba Max alikuwa mwongozaji wake wa kwanza na mume wake wa kwanza, na kwamba yeye ndiye aliyeomba arudi kumtumikia. Amemvika kilemba cha ukoka kwa miaka mingi, na inauma zaidi kwa sababu anampenda kwa dhati.

Kisha nenda kwenye ziara ya Norma katika studio ya Paramount. Anaamini kwamba Cecil B. DeMille, aliyejiigiza mwenyewe katika filamu hii na ambaye kwa kweli alimwongoza Swanson enzi za filamu bubu, ameupenda mswada wa filamu alioandika yeye Norma. Ukweli ni kwamba mtu mmoja wa studio alipiga simu akitaka kulikodi gari lake la kizamani. DeMille anamkalisha kwenye kiti chake cha uongozaji. Kipaza sauti kinachoning'inia kwenye fimbo ndefu kinapita nyuma ya Norma na kuugusa unyoya wa kofia yake, naye anakisukuma kwa chuki, kwani sauti ndiyo iliyommaliza. Hapo fundi mzee wa taa, aliyeko juu, anamtambua na kumgeuzia taa yake. Watu wanaanza kusogea, mmoja mmoja, kisha kundi zima, na uso wa Norma unachangamka. DeMille anaamuru taa irudishwe ilikokuwa. Anaagana naye kwa upole mkubwa bila kumwambia habari ya gari. Hakuna mtu katili katika tukio hilo zima, na kila mmoja amechangia kumsogeza hatua moja kuelekea kwenye wazimu.

Katika Baby Jane aliyeushika uongo ni yule tunayemhurumia. Jane anamtesa dada yake, anamletea ndege wake mwenyewe kwenye sinia ya chakula, kisha panya, nasi tunamchukia. Lakini kwenye mchanga wa ufukweni, akiwa taabani, Blanche anakiri kwamba usiku wa ajali iliyomlemaza yeye ndiye aliyekuwa akiendesha gari ili amgonge Jane, akajivunja mgongo mwenyewe, na kwa kuwa Jane alikuwa amelewa hata hakumbuki kitu, akamwacha aamini kwa miaka yote ile kwamba kosa ni lake. Ukiisha kulijua hilo, rudia filamu tangu mwanzo na usikilize kila neno la upole la Blanche.

Hatua ya tano: Fuata mwanga unapouangukia uso

Davis alijipaka vipodozi vya Jane mwenyewe, unga mweupe mzito, kwa mawazo kwamba mwanamke huyu hanawi uso bali huongeza tabaka juu ya tabaka. Tazama anapouimba wimbo wake wa utotoni sebuleni, kwa sauti ya kitoto, mpaka anapousogelea mwanga, anajiona kwenye kioo, anapiga kelele na kuuficha uso kwa mikono. Wapiga picha wa filamu hizi, John F. Seitz katika ya kwanza na Ernest Haller katika ya pili, walifanya kazi kwa rangi nyeusi na nyeupe, na hapa utaona faida yake: unga ule ungekuwa wa kuchekesha kwenye rangi, lakini humu unaonekana kama chokaa ya ukutani.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, shikamoo. Swanson alikuwa na miaka 50 tu wakati wa kupiga picha. Mbona anachukuliwa kama ajuza?

Marahaba. Swali lako ndilo kiini cha malalamiko yaliyomo ndani ya filamu yenyewe. Hollywood ilikuwa na vipimo viwili. Mwigizaji Cary Grant, aliyezaliwa mwaka 1904, aliigiza mwaka 1959 katika North by Northwest kama mpenzi wa Eva Marie Saint, aliyezaliwa mwaka 1924, huku mama yake katika filamu hiyo akiigizwa na Jessie Royce Landis, aliyemzidi miaka michache tu. DeMille mwenyewe alikuwa amekaribia miaka 70, na hakuna aliyemwambia kwamba wakati wake umepita.

Swali: Ni kweli kwamba Davis na Crawford walichukiana, na je, kulijua hilo kunasaidia?

Uhasama wao ulijulikana. Davis aliteuliwa kuwania Oscar kwa Baby Jane, tuzo ikaenda kwa Anne Bancroft ambaye hakuwepo ukumbini, na aliyepanda jukwaani kuipokea kwa niaba yake ni Crawford. Hata hivyo, nakushauri usiutangulize uhasama huo unapotazama, kwa sababu unakufanya umsake mshindi katika kila tukio, na huku ukiupuuza ufundi wa Crawford, ambaye anafanya kazi ngumu zaidi ya kuficha siri kwa saa mbili akiwa ameketi.

Swali: Mwalimu, mimi naona filamu za aina hii zinawadhalilisha wanawake wazee. Nimekosea?

Hujakosea kuhusu nyingi zilizofuata. Baada ya Baby Jane kufanikiwa, watayarishaji waligundua kwamba jina kubwa la zamani pamoja na shoka huuza tiketi, na Crawford mwenyewe akapewa shoka katika Strait-Jacket ya mwaka 1964. Mimi hupima kwa jambo moja: kamera inabaki na mwanamke huyo anapoumia, au inamngoja amtishe mtu tu? Kwa kipimo hicho, What's the Matter with Helen? ya mwaka 1971, yenye akina mama wawili wanaofungua shule ya dansi ya watoto katika Hollywood ya miaka ya 1930, ina mapungufu yake lakini inastahili kutazamwa, kwa namna Shelley Winters anavyoubeba upweke wa Helen.

Swali: Kwa nini Wilder anatuonyesha maiti ya Joe bwawani tangu mwanzo? Si anaua utamu?

Mwanzo wa awali ulikuwa wa ajabu zaidi: maiti zilikuwa zikizungumza katika chumba cha kuhifadhia maiti. Filamu ilipoonyeshwa kwa majaribio mjini Evanston, jimbo la Illinois, watazamaji wakacheka, na Wilder akaliondoa tukio hilo, akaliweka bwawa. Kwa kuwa tunajua tangu dakika za kwanza kwamba Joe atakufa, hatupotezi nguvu kubahatisha. Tunabaki kuhesabu kila nafasi aliyokuwa nayo ya kumwambia Norma ukweli au kuondoka, na kuona jinsi alivyoziacha zikapita, kwa suti moja mpya baada ya nyingine alizonunuliwa na Norma. Anapoamua kusema, amechelewa, Norma anampiga risasi, na anayeachwa amesimama karibu na kamera za habari, akimwongoza Norma ashuke ngazi kama vile filamu yake imeanza kupigwa, ni Max.