Kuandika Maisha ya Bibi: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiandika maisha ya wazee kwa ajili ya familia za hapa Ngamiani, Tanga: kurasa sita au nane zinazosomwa siku ya hitima ya arobaini, kisha zikahifadhiwa nyumbani. Kosa kubwa nililijua kwa kulitenda mwenyewe. Nilipomwandikia bibi yangu mzaa mama, nilijaza sifa, kwamba alikuwa mkarimu, mcha Mungu na mpenda watu, nikasahau kuandika kwamba kwa zaidi ya miaka thelathini aliamka saa tisa usiku kuchoma vitumbua. Shoga yake mmoja alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Huyo mliyemsoma ni nani?"

Hatua ya kwanza: uliza kazi zake

Usitoe daftari siku ya maziko. Ngoja wageni wapungue, kisha keti uani na kina bibi, waamkie ipasavyo na uombe idhini ya kuwarekodi kwa simu. Ukiuliza marehemu alikuwa mtu wa namna gani, utajibiwa sifa zilezile. Uliza mchele aliununua wapi, nani alimsaidia kutwanga, wateja wake walikuwa nani, na faida aliificha wapi. Mimi nilipouliza habari za upatu ndipo nikaambiwa kwamba bibi ndiye aliyekuwa kijumbe, yaani msimamizi wa upatu, na kwamba alishika zamu za wanawake kumi na wawili kichwani bila kuandika hata herufi moja, kwa kuwa hakujua kuandika.

Hatua ya pili: fungua kasha

Toa kanga moja moja na usome jina lake mbele ya watu, kwa maana kanga hununuliwa kwa sababu, na mara nyingi yupo aliyefumbiwa. Tazama pia mgongo wa kila picha, hati za ndoa, kadi za chama, na kipande, yaani kadi ya kazi, cha babu ikiwa alifanya kazi katika shamba la mkonge.

Hatua ya tatu: tafuta miaka

Hapa usiwe na haraka. Wazee wengi hawakuwa na cheti cha kuzaliwa, na ukiona kitambulisho kimeandikwa 1 Januari, kitilie shaka. Bibi yetu alikuwa akisema tu kwamba alizaliwa Mfungo Sita, yaani mwezi wa Maulidi, mvua za masika zikinyesha. Maneno hayo yanatosha kuanzia. Mwaka wa mwezi mwandamo ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku 11 hivi, kwa hiyo Mfungo Sita hukutana na masika kwa miaka michache, kisha huhama na kurudi baada ya miaka zaidi ya thelathini. Kati ya 1937 na 1942 Maulidi yaliangukia kati ya mwisho wa Machi na mwisho wa Mei. Kwa kuwa mdogo wake wa kumfuata alizaliwa kabla ya vita vya Hitler, ambavyo vilianza Septemba 1939, tuliandika "mwaka 1937 au 1938", wala hatukuona haya kuliacha neno "au".

Kwa miaka ya utu uzima, tumia matukio ambayo kila mtu anayakumbuka: Uhuru wa Desemba 1961, Muungano wa Aprili 1964, Azimio la Arusha la 1967, Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, au msako wa walanguzi wa 1983. Fedha nazo husaidia sana. Anayesema kwamba bibi alianza biashara enzi za senti zenye tundu anazungumzia sarafu za Afrika Mashariki, ambazo shilingi ya Tanzania ilianza kuchukua nafasi yake mwaka 1966.

Hatua ya nne: yanapogongana

Mashahidi wawili wakitofautiana, andika kauli zote mbili na useme ni ya nani. Habari za talaka na ndoa za awali zipelekwe kwanza kwa wakubwa wa familia. Rai yangu ni kwamba ziandikwe, hata kwa sentensi moja, kwa sababu ukificha ndoa unaficha na watoto wake, nao watakuwa wameketi mkekani siku ya kusoma.

Hatua ya tano: andika

Anza na siku moja ya kawaida, tangu moto wa alfajiri mpaka hesabu ya jioni, halafu ndipo urudi utotoni. Kila unapotaka kuandika sifa, weka tendo badala yake. Maneno yake yaache kama alivyoyatamka. Akiwa alichanganya Kidigo, kibaki.

Hatua ya sita: soma kabla ya hitima

Wasomee kwa sauti wazee wawili au watatu, usahihishe, kisha utoe nakala kwa herufi kubwa. Mwishoni acha kurasa mbili tupu. Katika nakala yetu ya pili, yule shoga yake bibi alimwita mjukuu wake na kumtajia wanawake kumi na wawili wa upatu, mmoja baada ya mwingine, kwa mpangilio wa zamu zao.