Buti za bledi za kurushia nyundo ya Kiskoti: kuziunda, kuzisimika na kurusha bila kuua magoti

Wakuu, hii ni kwa mtu ambaye ameshashika nyundo ya Kiskoti, ameona wazee wa pale uwanjani wamevaa mabuti yana vyuma vinatokeza mbele ya vidole (hivyo ndivyo bledi) na yeye anataka ya kwake. Kama hujawahi kabisa kurusha soma tu lakini usikimbilie kwa fundi, nitaeleza kwa nini.

Tuelewane kwanza ni nyundo ipi. Siyo ile ya Olimpiki yenye waya, ambayo mrushaji anazunguka yeye mwenyewe ndani ya duara la mita 2.135. Hii yetu ina tufe la chuma na mpini mnyoofu, zamani mpini ulikuwa wa mbao, siku hizi wengi wanatumia henzirani au bomba la PVC, urefu wote kama inchi 50 hivi, yaani sentimita 127. Wanaume tunarusha ya paundi 16 (kilo 7.26) na ya paundi 22 (karibu kilo 10), wanawake 12 na 16. Na huzunguki. Unasimama umeupa uwanja mgongo, miguu inabaki palepale, nyundo ndiyo inazungushwa juu ya kichwa kama mara tatu halafu unaiachia ipite juu ya bega iende nyuma yako. Nyuma ya visigino vyako kuna gogo la mbao wanaliita trigi, ukilipita ni faulo. Ndiyo maana rekodi ya dunia ya ile ya waya ni mita 86.74, ya Yuriy Sedykh mwaka 1986, wakati huku mtu akipitisha ya paundi 16 mita 40 watu wanasimama kupiga makofi.

Sasa bledi ni za nini. Wengi wanadhani zinakuongezea nguvu, hapana, hazikuongezei hata chembe. Piga hesabu ndogo: ili tufe lifike mita 40 na kitu linatakiwa litoke mkononi na spidi kama mita 20 kwa sekunde, mpini na mikono yako pamoja ni kama mita 1.8, ukiweka kilo 7.26 kwenye hesabu ya kitu kinachozunguka unapata mvuto wa karibu niutoni 1,600, yaani kama umening'iniziwa mzigo wa kilo 160 mikononi, na huo mzigo unahama, sasa hivi uko mbele, nukta baadaye uko kushoto, halafu nyuma ya kichwa. Buti la kawaida kwenye nyasi zenye unyevu litateleza, na wewe bila kujua utapunguza spidi ili usianguke. Bledi inachofanya ni kukuruhusu uuegemee ule mvuto, nyundo ikienda huku wewe unaenda kule, bila woga wa kuteleza wala kubebwa nyuma ukatua juu ya trigi. Kazi yake ndiyo hiyo. Mtu asiyejua kuegemea, ukimvika bledi anabaki palepale ila sasa amepigiliwa misumari.

Hatua ya 1: jifunze bila bledi kwanza

Rusha na raba za meno, zile za mpira wa miguu zinatosha, hadi uweze kuzungusha mizunguko mitatu mikono imenyooka na miguu haihami, kwa nyundo nyepesi, paundi 12 hivi hata kama wewe ni mwanaume. Kipimo changu ni hiki, ukimaliza mzunguko wa tatu na bado unajua tufe liko wapi bila kulitazama basi uko tayari. Kama unatapatapa, bledi zitahamishia kutapatapa kwako kwenye magoti, maana mguu umefungwa ardhini na kiuno kinazunguka, kilicho katikati ndicho kitakacholipa.

Kwa mkufunzi usijali sana. Julius Yego alijifunza mkuki kwa kutazama video na mwaka 2015 akawa bingwa wa dunia kwa mita 92.72, hivyo video za warushaji wazuri zitazame polepole, sitisha, rudisha, angalia nyonga na siyo mikono.

Hatua ya 2: buti lenyewe

Tafuta buti la kazi au la jeshi, la kufunga kamba, linalofunika kifundo cha mguu, na soli iwe nene na ngumu. Ushike ulipinde kwa mikono, likipindika kirahisi liache, maana boliti zitachana soli. La mtumba ni sawa kabisa, mabuti mapya ya bei mbaya ni kupoteza pesa kwani unaenda kuyatoboa. Likubane kiasi, ukiwa umevaa soksi nene kisigino kisipande. Kisigino kikicheza ndani ya buti bledi haina maana tena, buti litabaki ardhini na mguu utasafiri.

Mtu wa mguu mkubwa kama mimi ananunua mtandaoni tu, madukani hamna.

Hatua ya 3: chuma

Hapa ndipo mafundi wanapotofautiana. Wapo wanaochomelea kipande kwenye kikombe cha chuma cha buti la usalama, mimi siipendi hiyo, joto linaunguza gundi ya soli na ule mshono wa weldingi ndio unaokatika. Natumia chuma bapa cha milimita 6 unene, upana kama inchi moja na nusu. Kinaanzia katikati ya unyayo, pale kwenye upinde, kinapita chini ya soli hadi mbele ya vidole, na kuanzia hapo unakipinda kielekee chini. Kichemshe kiwe chekundu ndipo ukipinde, ukikipinda kikiwa baridi kinaweza kupata ufa usiouona na kikakukatikia siku ya mashindano.

Urefu wa kipande kinachotokeza mbele kwangu ni inchi 4 na kinatosha. Warushaji wa kilo 130 wanataka zaidi. Lakini kabla hujakata chuma ulizia kwa waandaaji wa michezo unayokwenda, kuna kikomo cha urefu na jaji akiona zimezidi anakutoa, na kuna viwanja ambavyo wenye nyasi zao hawataki bledi kabisa.

Mpindo usiwe mkali sana. Bledi ikichimba wima moja kwa moja inashika vizuri kuelekea mbele lakini ukivutwa nyuma inachomoka na bonge la udongo. Ikilala sana inateleza juu ya nyasi. Mimi nalenga katikati, ishuke mbele na chini kwa pamoja, kama nyuzi 40 au 45 kutoka kwenye soli, ili vidole vikitaka kunyanyuka udongo ulioko juu ya chuma uvizuie. Ncha inolewe kwa grenda kama patasi, siyo kama kisu. Unakata udongo, hukati nyama, na siku ukijikwaa utashukuru.

Hatua ya 4: kufunga

Boliti tatu kwa kila buti, mbili chini ya ile sehemu nene ya unyayo iliyo nyuma ya vidole na moja nyuma kwenye upinde. Zile za kichwa cha mviringo kilicho bapa, kichwa kikae ndani ya buti juu ya washa pana, nati itokee chini, na iwe nati ya kujifunga yenyewe isiyolegea kwa mtikisiko. Toboa soli na chuma kwa pamoja wakati umevibana, ukitoboa kimoja kimoja matundu hayatakutana. Juu ya vichwa vya boliti weka soli ya ndani ya ngozi au mpira mgumu. Kata ncha za boliti zinazozidi.

Vaa, simama kwenye nyasi, tikisa. Kama unasikia chuma kinagonga kaza tena.

Hatua ya 5: kusimika

Hapa ndipo pa kutumia muda, na ndipo wengi wanapofanya haraka kwa sababu jaji ameshaita jina.

Usitembee na bledi kutoka kwenye gari. Vaa ukiwa pembeni ya trigi, au kama lazima utembee basi tembea kwa visigino na uvishe ncha vipande vya bomba la mpira. Kwenye saruji hata usijaribu.

Panga miguu kwanza bila kuchimba. Visigino karibu na trigi lakini visiiguse, upana uzidi mabega kidogo tu, vidole viangalie nje kidogo. Kidogo! Mguu ukiangalia mbele kabisa goti linajinyonga nyundo ikifika kushoto, ukiangalia nje sana huna cha kusukumia. Ukishapata nafasi, anza na mguu wa kulia (kwa wanaorusha kwa kulia, wa kushoto mgeuze kila kitu nitakachosema), nyanyua, piga mbele na chini kwa pamoja, halafu ukanyagie mpaka soli yote ilale kwenye nyasi. Kisigino lazima kiguse chini. Ukiona kisigino kinaelea maana yake bledi imekwama kwenye jiwe au udongo mgumu, chomoa, sogea sentimita chache, rudia. Kisha wa kushoto.

Jipime: inama mbele, egemea nyuma, zungusha nyonga polepole. Kitu kisicheze. Halafu jiulize kama goti lolote lina mkao wa ajabu, likiwa nao chomoa na upange upya, jaji anaweza kusubiri.

Uskoti kwenyewe udongo una unyevu muda mwingi, pale kwenye michezo ya Kiskoti ya Braemar, Jumamosi ya kwanza ya Septemba, mara nyingi shida ni tope siyo ukavu. Ila ukienda michezo ya Kiskoti ya California wakati wa kiangazi ardhi inakuwa ngumu balaa, hapo mwagia maji mahali pa kusimama mapema kama wanaruhusu, au rusha na raba za meno ukubali kupoteza mita kadhaa.

Hatua ya 6: mizunguko

Shika mwisho kabisa wa mpini kwa mikono miwili. Glavu hatutumii, tunapaka utomvu wa msonobari mkononi ili mpini usichomoke, wenyeji hapo kila mmoja ana kopo lake na siri zake.

Anza na tufe likiwa chini upande wa kulia. Livute lipite mbele yako likiwa chini, lipande upande wa kushoto, mikono ipite juu ya paji la uso, lizunguke nyuma ya kichwa, lishuke tena kulia. Sehemu ya chini kabisa iwe mbele kulia, ya juu kabisa iwe nyuma kushoto.

Na sasa ule uegemeaji niliousema. Tufe likiwa mbele, wewe rudisha makalio nyuma, mgongo umenyooka, kama mtu wa kuvuta kamba aliyekita visigino. Likiwa nyuma ya kichwa, sukuma nyonga mbele, na hapa ndipo utazisikia bledi zimeng'ata, vidole vinataka kunyanyuka na udongo unakataa. Nyonga siku zote ziko upande wa pili wa tufe. Mikono haivuti, mikono ni kamba tu. Ukikunja viwiko umefupisha mzunguko na umejinyima spidi mwenyewe.

Mzunguko wa kwanza mpole kabisa, wa pili kasi, wa tatu ndio wa kazi. Wanaoanza kwa fujo wanafika wa tatu wamechoka na tufe linawaongoza wao.

Hatua ya 7: kuachia

Tufe likifika chini kulia kwa mara ya mwisho, miguu imekunjwa, sukuma ardhi. Nyoosha magoti, nyoosha mgongo, tazama juu, na uiachie nyundo ikipanda juu ya bega la kushoto. Lenga juu kuliko unavyodhani, karibu kila anayeanza nyundo yake inaenda chini chini kama anafukuza kuku. Usigeuke kutazama inakokwenda kabla haijatoka, huko kugeuka mapema miguu ikiwa imesimikwa ndiko kunakoumiza goti la kushoto.

Na watu wasimame mbali, pembeni pia siyo nyuma tu. Viwanja vingi havina wavu, na nyundo iliyochelewa kuachiwa huenda pembeni kabisa. Kagua mpini kama una ufa na tufe kama limelegea kabla ya kila zamu, hata kama nyundo siyo yako.

Hatua ya 8: kuchomoa na kutunza

Rudisha mguu nyuma ndipo unyanyue, ukinyanyua moja kwa moja unang'oa bonge la nyasi. Mashimo uliyoacha yakanyage yafunge, mtu wa paundi 22 anakuja nyuma yako kwenye sehemu ileile.

Nyumbani osha tope, kausha, paka mafuta kwenye chuma, kaza nati. Boliti ya upinde ndiyo hulegea ya kwanza. Soli ikianza kuachia pembeni ya tundu usiigundishe, tafuta buti lingine na uhamishie chuma. Na ukisafiri kwa ndege ziweke kwenye begi la chini zimefungwa nguo nzito, kwa sababu ukizipitisha na begi la mkononi jamaa wa usalama hawatakuelewa hata ukiwaonyesha kilti yako (ile sketi ya wanaume wa Kiskoti).