Kumwigiza Asiyejali Mbele ya Mtu Anayeumia

Waigizaji wengi wakipewa mhusika asiye na huruma huanza na sauti: hukunja uso, hukaza taya, hufoka. Hapo ndipo onyesho huharibika, kwa kuwa anayefoka bado anamjali anayemfokea. Asiyejali hasa ni yule ambaye akili yake iko kwingine.

Hili halifunzwi vizuri popote kama katika onyesho la ofisini kwenye sehemu ya pili ya Death of a Salesman, tamthilia ya Arthur Miller iliyofika jukwaani New York mwaka 1949. Willy Loman, mchuuzi wa kusafiri aliyeitumikia kampuni miaka 34, anamwomba bosi wake, Howard, mwenye miaka 36, ampe kazi ya kukaa mjini. Howard amenunua mashine ya kurekodi sauti kwenye waya, na anataka Willy asikilize kwanza sauti za watoto wake.

Mazoezi yaanze na mashine. Tafuta kasha zito lenye vitufe vinavyobonyezeka kweli, na spika ndogo ifichwe ndani yake. Sauti ikitoka kwenye spika za ukumbi, hakuna atakayeamini. Rekodini mapema mluzi wa binti, mke anayesita, na mtoto wa miaka 5 anayetaja miji mikuu ya majimbo ya Marekani kwa alfabeti. Howard aichezee mashine peke yake hadi mikono ifanye kazi bila macho.

Kisha achukue kalamu, aandike kando ya kila neno lake anatazama nini: mashine, karatasi, mlango. Uso wa Willy autazame mara chache mno, na mtazamo mrefu wa kwanza autunze hadi pale anapomwambia kwamba kampuni haimhitaji tena. Asimfanye Howard katili. Anawapenda wanawe kwa dhati, na furaha hiyo ndiyo inayomziba masikio. Tena humwita Willy “kijana”. Mkiicheza kwa Kiswahili msilainishe neno hilo kuwa “mzee”. Kwetu sisi, mtu wa miaka 36 kumwita “kijana” mtu aliyepita 60, aliyekuwapo Howard alipopewa jina, kunachoma kuliko tusi.

Kwa Willy, ngazi ni pesa. Anaomba dola 65 kwa wiki, halafu 50, halafu 40. Kosa la kawaida ni kulia kwenye 65. Ukishalia hapo huna pa kushukia. Taja 65 kama mtu anayepatana bei, kidevu juu, hata tabasamu liwepo. Ile 50 itoke haraka, kana kwamba umeikumbuka sasa hivi. Ile 40 iseme chini, mwili umetulia kabisa, ukiwa umeishiwa. Anayeumia upesi hutumia nguvu nyingi kuficha, na watazamaji huumia kwa kuiona kazi hiyo ya kuficha. Hasira ipande anapokumbusha ahadi za baba yake Howard, si kabla.

Sehemu ngumu zaidi ni Willy anapobaki peke yake. Anaegemea meza akizungumza na marehemu baba yake Howard, mkono unaiwasha mashine kwa bahati mbaya, na sauti ya mtoto inaanza tena kutaja miji. Mwigizaji akiitazama swichi kabla ya kuigusa, ajali inageuka hila. Macho yabaki kwenye kiti kitupu cha marehemu anachozungumza nacho, kiganja ndicho kiteleze. Fundi wa sauti afuate mkono, asifuate maneno, maana usiku mmoja maneno yatawahi na usiku mwingine yatachelewa. Rudieni sekunde hizo mara 10 au zaidi, fundi akiwepo. Waya wa umeme upite mahali ambapo hadhira inauona, kwa sababu Howard anaporudi huuchomoa ukutani.

Baada ya hapo wengi humpa Howard majuto. Msimpe. Anamwambia Willy arudishe sampuli za bidhaa wiki hiyo, na aseme hivyo kwa adabu ya mtu anayefunga ofisi, akiwa tayari anaelekea kwa wageni wanaomsubiri nje.