Kutambuliwa Kisheria kuwa Mtu Mwenye Ulemavu kwa Sababu ya Kisukari Nchini Uganda

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2020 haikukiweka kisukari katika orodha yake ya aina za ulemavu, na ndiyo maana wagonjwa wengi wanaofika ofisini kuomba kuandikishwa wakiwa na karatasi ya vipimo vya sukari peke yake hurudi nyumbani mikono mitupu. Kinachoangaliwa na sheria hiyo ni upungufu mkubwa wa uwezo wa kufanya shughuli za kila siku, unaotokana na hitilafu ya mwili, akili au milango ya fahamu ikichangamana na vikwazo vya mazingira. Kwa hiyo usiombe utambuliwe kwa sababu una kisukari. Omba utambuliwe kwa sababu ya kile ambacho kisukari kimekuondolea. Aliyekatwa mguu, aliyepofuka kwa kuharibika retina (utando wa nyuma ya jicho), au aliyepooza baada ya kiharusi ana hoja iliyo wazi. Ambaye sukari yake imedhibitiwa na anafanya kazi zake zote hana hoja hiyo, hata kama anajidunga insulini kila siku.

Kazi kubwa iko kwenye barua ya daktari, na hapo usiwe na haraka. Barua inayosema tu kwamba "mgonjwa ana kisukari aina ya pili na anatumia dawa" haisaidii kitu. Mwombe daktari aeleze kiungo kilichoathirika, kipimo kilichothibitisha hali hiyo, na kazi usizoziweza tena: kwamba jicho lako lililo bora linaona chini ya 6/60 hata ukivaa miwani (yaani kwa mita 6 halioni hata kile ambacho jicho zima hukiona kwa mita 60), kwa mfano, au kwamba nyayo hazihisi uzi wa kupimia ganzi na huwezi kutembea hadi kisimani bila mkongojo. Kipimo cha HbA1c kinaonyesha wastani wa sukari kwa miezi 2 hadi 3 iliyopita. Hakisemi lolote kuhusu uwezo wako wa kutembea au kuona. Kabla ya siku ya kliniki, jipime kwa maswali yanayouliza juu ya kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia na kuwasiliana: je, huna shida, una shida kidogo, una shida kubwa, au huwezi kabisa? Penye shida kubwa au kutoweza kabisa ndipo pa kumweleza daktari kwa mifano ya nyumbani kwako. Wagonjwa wetu wana tabia ya kujibu "niko sawa" kwa adabu, na jibu hilo huandikwa kama lilivyo.

Daftari lako la matibabu, lile la shule unalolibeba kila unapokwenda kliniki, ni ushahidi wa miaka. Toa nakala za kurasa zinazohusika, na daftari lenyewe usimwachie mtu.

Ukishapata barua hiyo, chukua barua ya utambulisho kwa mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), kitambulisho cha taifa na picha ndogo, uende kwa ofisa wa maendeleo ya jamii katika gombolola (tarafa ndogo) lako. Yeye ndiye atakayekuelekeza jinsi ya kuomba kuandikishwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, ambalo limepewa jukumu la kutunza daftari la usajili. Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi, kwa kuwa mara nyingi kinachokosekana ni maelezo ya daktari, nayo yanaweza kuandikwa upya.

Mwenye kisukari aina ya kwanza ambaye sukari humshuka ghafla hata akahitaji kusaidiwa na mtu mwingine yuko mahali pagumu, maana baina ya mashambulizi huonekana mzima. Hata hivyo, asingoje usajili ndipo azungumze na mwajiri: Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inakataza ubaguzi kwa misingi ya ulemavu, na muda wa kupima sukari, kula na kudunga insulini ni ombi la haki. Aliandike kwa barua, na abaki na nakala iliyogongwa mhuri wa tarehe ya kupokelewa.