Somo: Kidole kisome neno, kisihesabu nukta

Salaam kutoka Mikindani. Mpwa wangu haoni tangu azaliwe. Mwaka mzima alizijua herufi zote za nukta nundu, yale maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa kidole, lakini kusoma hasomi. Kosa langu: nilimzoeza kuhesabu.

Hatua ya 1. Kata trei ya mayai, bakiza vishimo sita, ndizo nafasi za nukta za herufi moja: kushoto 1, 2, 3 kutoka juu, kulia 4, 5, 6. Tia korosho zilizokwisha banguliwa kwenye 1 na 2, umepata b. Siku tatu zatosha. Trei ni ya kuelewa mpangilio tu. Nukta za karatasini zimeachana kama milimita 2.5, herufi nzima inaingia chini ya ncha ya kidole.

Hatua ya 2. Kazi ipo hapa. Asibonyeze. Kidole kikisimama, nukta zinafifia. Kinahisi vizuri kikitembea, kwa wepesi ule wa kupapasa unga kujua kama umelainika. Mpe neno zima analolijua, kama samaki, alitamke papo hapo. Kumbukumbu ya mguso mtupu ni fupi. Mpwa wangu alikuwa akifika kwenye k, ile s imeshamtoroka. Akianza kutamka, sauti inazishikilia herufi.

Hatua ya 3. Herufi pacha. e ni 1 na 5, i ni 2 na 4, kama mtu na kivuli chake kiooni. Siku moja kasoma "bibi analia wajukuu", tukacheka mpaka basi, iliandikwa "analea". Kwa hiyo mfundishe lea na lia ndani ya sentensi. Kidole kikikuta "wali-" mwanzoni, anajua kitendo kinakuja (au wali wa nazi, sentensi itasema).

MASWALI

Mama wa Newala: Mjomba, wangu anatumia mkono mmoja tu.
Jibu: Mzoeze yote miwili, dada. Wa kulia unamalizia mstari, wa kushoto umeshatangulia kutafuta unaofuata.

Kijana wa Kilwa: Wasioona wamezaliwa na vidole vya ajabu?
Jibu: Hapana, ni mazoezi, na ubongo nao unajipanga upya. Mwaka 1996 watafiti walionesha kuwa kwa waliopofuka mapema, sehemu ya ubongo ya kuonea hufanya kazi wanaposoma nukta nundu.

Mbanguaji, Nachingwea: Binti yangu hunisaidia kubangua korosho. Kuna ubaya?
Jibu: Upo, mama. Mafuta ya ganda yanababua ngozi, na kidole kilichobabuka hakisomi. Mpe kazi nyingine. Kama ameshaungua, mwache apone kabisa ndipo arudi kwenye karatasi.